Lori Likikata Pumzi Bwanga, Shika Chupa Kwanza

Lori limetoka Katoro na mawe ya dhahabu, linakwenda kwenye karasha ya kuyasaga. Kwenye tambarare linateleza. Likianza kupanda tu, nguvu zinakwisha, dereva anashusha gia mpaka basi, mwisho linazima kando ya barabara ya Bwanga. Mara mafundi watatu wameshajikusanya na jibu lao ni moja: "Nozeli zimekufa." Hakuna hata mmoja aliyefungua koki ya tenki. Mwongozo huu ni wa kuwakatia ulaji.

1. Kinga mafuta kwenye chupa

Tafuta chupa mbili za maji, zinazoonyesha ndani, kavu kabisa. Ya kwanza kinga kwenye koki iliyo chini ya filta ya kutenganisha maji, ya pili kwenye koki ya chini ya tenki. Ziache zitulie nusu saa. Dizeli safi ni angavu: weka gazeti nyuma ya chupa, utasoma. Ikiwa na ukungu, ina maji ndani yake. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo hushuka na kujitenga chini kwa mstari unaoonekana. Ukikuta utelezi mweusi kwenye mstari huo, ni bakteria na kuvu. Huishi penye maji na chakula chao ni dizeli yako. Ukikuta unga mwekundu, tenki linaoza kwa kutu.

Dereva anayepima mafuta kwa kuyaonja aache. Ulimi haujui maji yako lita ngapi.

2. Pasua filta ya zamani

Kabla ya kuitupa, ikate, ukunjue karatasi yake na uitazame juani. Weusi unaoteleza ni vijidudu, wekundu ni kutu, mchanga ni vumbi la machimbo. Ukiona chembe za chuma zinazometa, pampu inajisaga. Hapo mwite fundi haraka.

Wapo wanaoiosha filta kwa petroli na kuipuliza kwa kompresa, wakidhani wameokoa pesa. Karatasi imeshachanika, uchafu unapita. Wapo wanaoitoboa kwa bisibisi ili "mafuta yapite vizuri". Huko ni kumfukuza mlinzi kwa kosa la kukamata wezi wengi. Katika injini nyingi za kisasa, nozeli hufanya kazi kwa mgandamizo unaozidi baa 1,600, na nafasi kati ya vyuma vyake ni maikroni chache tu, wakati unywele wa mtu una kama 70. Chembe usiyoiona kwa macho inatosha kuiua.

Filta mpya nayo usiijaze dizeli ya kwenye dumu. Ifunge tupu, uvute mafuta kwa hendi pampu mpaka upepo uishe.

3. Wachakachuaji

Mafuta ya taa yaliyochanganywa na dizeli hayajitengi, kwa hiyo chupa haitayafichua. Ndiyo maana EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza mpango wa kuweka vinasaba (alama ya kutambulisha mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kumwondolea mchakachuaji faida. Mafuta ya taa hayailainishi pampu kama dizeli inavyofanya. Fundi anayekushauri umimine lita tano "kusafisha nozeli" anajitafutia kazi ya mwezi ujao.

Dai risiti ya mashine, tunza chupa ya sampuli, na ukiwa na shaka peleka malalamiko EWURA. Dumu la kando ya barabara halina risiti, na aliyekuuzia kesho humkuti.

4. Tafuta uchafu ulikoingilia

Usijaze mafuta sheli wakati lori la mafuta linashusha: mashapo ya chini ya tangi la ardhini yametibuka. Usilaze lori na tenki karibu tupu. Usiku wa baridi unyevu wa hewa iliyomo hugeuka matone, hasa huku kwetu Kanda ya Ziwa. Na kile kifuniko kilichopotea, mahali pake pakazibwa kwa tambara na mpira wa tyubu, nunua kingine leo.

5. Mpunguzieni tandiboi hatari

Mnapohamisha mafuta, kijana asinyonye mpira kwa mdomo. Dizeli ikiingia mapafuni huleta nimonia mbaya, na hakuna safari inayostahili hilo.

Ukimaliza hatua hizi, mafuta ni safi, filta ni mpya, mipira ya mafuta haivuti upepo na lori bado linakosa nguvu, sasa nozeli zifunguliwe. Nawe tajiri, usimkate dereva mshahara kwa nozeli zilizokufa kabla hujaziona zile chupa mbili. Mara nyingi aliyeziua ni yule aliyekuuzia mafuta ya bei poa, na uliyekubali kununua ni wewe.