Maji Yanashuka, Mimi Napanda

Sina ugomvi na maji. Ugomvi wangu ni na watu wanaoamini kwamba maji yakianguka kutoka juu yanageuka burudani, na kwamba burudani hiyo ni lazima ifuatwe mlimani, kwa miguu, Jumamosi ambayo mtu mzima angekaa zake barazani na msuli wake akisubiri chai.

Mtaani kwetu hapa Dar es Salaam (siutaji, mjumbe wetu anasoma magazeti) maji huja usiku wa manane, tena kwa kukohoa. Bomba likianza kukoroma saa nane ya usiku, nyumba nzima inaamka: huyu na ndoo, yule na dumu, mtoto na sufuria ya wali. Yasipokuja tunaita boza, na mwenye boza ana tabia ya kutaja bei huku anaangalia pembeni. Sasa mchukue mtu aliyezoea maisha hayo, mpandishe mlima, umwoneshe maji safi yanamwagika kutwa kucha bila mtu hata mmoja kukinga. Halafu umwambie atabasamu apigwe picha.

Wazo lilikuwa la shemeji, mdogo wake mama watoto. Huyu bwana alikwenda Mikumi siku moja na wenzake wa kazini, akamwona simba amelala, na tangu hapo amekuwa mhubiri wa utalii wa ndani. "Shemeji, wazungu wanatoka kwao huko kuja kuona vya kwetu, sisi tumekaa tu!" Hoja hiyo haina jibu. Ukisema mzungu anayafuata maji mlimani kwa sababu ya bombani ameshayachoka, unaonekana mpinga maendeleo. Nikachanga. Safari ikawa ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, kwenye maporomoko ya Sanje.

Tuliondoka alfajiri kwa Noah ya kukodi, watu wengi kuliko viti, mimi nikapewa siti ya nyuma pamoja na ndizi na jokofu la plastiki. Morogoro palipopambazuka vizuri nikaiona Uluguru mkono wa kushoto. Ni huko unakotoka Mto Ruvu, na ni Ruvu huo unaotakiwa kunifikia mimi bombani. Nikaomba tusimame kidogo nikaulizie. Wakacheka, Noah ikapita.

Mikumi barabara kuu inakatiza katikati ya hifadhi, na kuna bango linaloorodhesha faini za kumgonga mnyama, kila mnyama na bei yake, kwa dola. Shemeji alilisoma kwa sauti kama anasoma menyu. Dereva, ambaye tangu Chalinze alikuwa anakimbia kama kaibiwa, alipiga hesabu ya twiga akilinganisha na thamani ya Noah yake, akapunguza mwendo mpaka tukapitwa na lori la mbao. Ile ndiyo sehemu ya safari niliyoifurahia kuliko zote.

Mikumi mjini unaiacha barabara ya Iringa, unashika ya Ifakara. Unavuka Ruaha Mkuu pale Kidatu, penye mtambo wa umeme wa megawati 204, kisha inaanza miwa: miwa kushoto, miwa mbele, miwa mpaka unahisi kisukari. Mkono wa kulia umesimama ukuta wa milima, kijani kibichi, wingu limekaa juu yake. Na katikati ya ukuta ule, ukikaza macho, kuna mstari mweupe.

"Ndiyo yale!" shemeji akapiga kelele.

Nikauliza kwa upole kama hayo ndiyo maporomoko tuliyoyafuata. Ndiyo. Basi tumeshayaona, nikasema, tutafute mahali penye kuku wa kuchoma, jioni turudi. Nilifikiri nimesema jambo la busara. Mama watoto alinitazama kwa lile jicho ambalo mume wa miaka mingi hahitaji kutafsiriwa.

Pale Mang'ula, kwenye ofisi ya hifadhi, ndipo niliposoma ukutani jambo ambalo mratibu wetu hakulitaja wakati wa kukusanya michango. Udzungwa ni hifadhi tangu mwaka 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na si hifadhi ya kuzungushwa na gari huku umetoa kichwa juu. Ni ya miguu. Wanyama wake wanataka uwafuate. Serengeti angalau unakaa kwenye kiti, nyumbu anapita mwenyewe.

Nikaona pia kwamba kuna maporomoko mengine madogo, mwendo usiofika hata saa moja kutoka ofisini, yanayoitwa Prince Bernhard. Huyo alikuwa mume wa malkia wa Uholanzi, rais wa kwanza wa WWF. Nilipenda sana namna mambo yalivyopangwa: mtu wa ikulu kapewa jina kwenye maji ya karibu, mimi mwenye kitambi na kodi ya nyumba napelekwa kwenye ya mbali. Nikapiga kura tukamsalimie Bernhard. Kura yangu haikuungwa mkono.

Njia ya Sanje inaanzia kijijini Sanje, unarudi nyuma kidogo kwa barabara ile ile. Mwongozaji wetu alikuwa kijana mwembamba, kavaa buti za mvua, mwenye uwezo wa kupanda mlima kinyumenyume huku anaeleza majina ya miti. Nilimheshimu hapo hapo, na hapo hapo nikaacha kumwamini, maana kila nilipouliza kumebaki kiasi gani alijibu, "Hapo tu, mzee." Hapo tu ya mtu wa mlimani ni kipimo kisichokuwa na mwisho. Unapita mzizi, unapita jiwe, unapita kona, unakuta kona nyingine inakusubiri, na hapo tu imehamia mbele.

Msituni hakuna jua, lakini jasho lipo, sijui linatoka wapi. Joto lake ni la bafuni baada ya mtu kuoga maji moto. Njia inapanda kwa kujikunja, ngazi zake ni udongo na mizizi, nayo mizizi haikushauriana na magoti ya binadamu. Mpwa wangu wa kike, aliyekuja na begi zito la siri ambalo nitalieleza, alikuwa mbele anaimba. Watoto walikwishapotea juu. Mimi na jokofu tulifuata. Ndiyo, jokofu lilipanda nami. Hakuna aliyekumbuka kwamba lina soda za watu wote mpaka lilipofika mikononi mwangu.

Tukakuta kinyesi cha tembo katikati ya njia, kikubwa kama kapu.

"Na wao wanapanda huku?" nikauliza.

"Wanapanda, mzee."

"Kutafuta nini?"

"Utulivu," akasema kijana, akimtazama shemeji aliyekuwa amebeba spika. Kwa adabu kubwa akamwomba aizime. Ni mara chache maishani mwangu nimekuwa na hamu ya kukumbatia mtu mwenye sare.

Spika ilipozimwa tukasikia matawi yanavunjika juu yetu: mbega wekundu, aina ambayo duniani kote inapatikana milima hii na misitu ya jirani tu, wanarukaruka kana kwamba hakuna mlima wowote hapo. Kijana akatueleza pia habari za mangabei wa Sanje, ambaye naye haonekani nje ya Udzungwa. Mwaka 1979 watafiti walimsikia akilia msituni, wakashangaa, wakaandika, na dunia nzima ikajulishwa kwamba kumbe kuna nyani wa aina hii. Wanakijiji wa Sanje walikuwa wakimfahamu siku zote. Nilihurumia kijiji. Mimi pia nimeshatoa taarifa za bomba letu miaka nenda rudi, nasubiri mtafiti aje alisikie likilia.

Tulipokuwa tumekaa kwenye gogo (nilikaa mimi, wengine walinisubiri) wakashuka wazungu wawili, mume na mke, wazee wa kunizidi mimi kwa mbali, kila mmoja na fimbo mbili. "Jambo! Pole pole!" wakasema, meno nje, wakaendelea. Pole pole! Nimezaliwa na Kiswahili hiki, na sasa naletewa ushauri kwa lugha yangu mwenyewe na bibi wa miaka sabini anayeshuka mlima kama anakwenda sokoni. Mama watoto alicheka mpaka akashika mti.

Basi, tukafika. Nitakuwa mkweli, maana safu hii haiwezi kulipwa kwa uongo: yale maji ni makubwa. Yanaanguka mita 170 hivi, kwa hatua tatu, na ukiwa karibu husikii tena mtu anakwambia nini, jambo ambalo kwa familia yetu ni faida. Ukungu wa maji unakulowesha kabla hujayagusa. Mwamba umeota majani madogo madogo yanayotetemeka bila kukoma. Nilisimama pale mdomo wazi.

Kisha hesabu ikaanza yenyewe kichwani. Ndoo ya lita ishirini hapo inajaa kabla hujamaliza kusema bismillahi. Pipa letu la uani, je? Tangi la jirani, lile analolifunga kwa kufuli? Nikamvuta shemeji sikio nikamwambia kwamba, kwa bei ya boza letu, muda huu tuliosimama pameshamwagika mshahara wangu wa mwezi na wa kwake. Akaniambia nifurahie mandhari.

Mandhari yenyewe haikuwa na aliyekuwa anaitazama. Watu wote walikuwa wameyapa maji mgongo. Tumesafiri tangu alfajiri, tumepanda mlima, tumefika, tumegeuka nyuma, tunatazama simu! Na begi la mpwa wangu likafunguliwa: ndani mna gauni jekundu refu, wigi la pili na viatu visivyopaswa hata kusikia habari za msitu. Alibadilisha nyuma ya kanga iliyoshikwa na shangazi zake. Mpiga picha nikachaguliwa mimi, kwa sababu nilikuwa nimekaa na aliyekaa hana kazi. "Mjomba, rudia, mkono umekaa vibaya." "Mjomba, shuka chini kidogo nionekane mrefu." Kushuka chini kidogo, kwenye jiwe lenye ukoga wa maji, na magoti haya! Katika picha zote nilizopiga maporomoko yanaonekana kama pazia lililosahauliwa dirishani.

Waliotaka kuoga wakaoga kwenye dimbwi. Mimi nilisema siingii, halafu nikaingia, halafu ikawa shida kunitoa. Maji yale ni ya baridi ya kusafisha hata madeni. Nilijisugua mpaka nyuma ya masikio, kwa utaratibu, kama mtu asiyejua yatarudi lini. Watu walipiga kelele kwamba tunachelewa. Nikawaambia mimi nina ukame wa miezi, waniache.

Begini mwangu lilikuwamo dumu tupu la lita tano. Nasema tu lilikuwamo. Kijana wa buti aliliona, akatabasamu kwa huruma: "Mzee, vya hifadhini havitoki." Nikamwuliza kama maji hayatoki, yale yanayokimbia kule bondeni yanakwenda wapi. Akanionesha: kupitia upenyo wa miti unaliona bonde la Kilombero lote, miwa, mpunga, mabati ya nyumba yakimetameta. Maji ya huku yanaishia Rufiji, akasema, yaani yanaingia Bwawa la Nyerere lenye mitambo ya megawati 2,115. Nikaelewa. Kwa hiyo haya niliyokatazwa kuyabeba yatanifuata yenyewe hadi Dar, ila yatakuja kama umeme, na nitayanunua kwa luku.

Akaongeza jambo moja ambalo lilininyamazisha. Zamani wanavijiji wa hapa chini waliruhusiwa kuingia kuokota kuni kavu kwa siku maalumu ya wiki. Tangu mwaka 2011 hawaingii. Msitu unatunzwa, mito haikauki, na kuni mtu ajijue. Mama watoto, aliyekulia kwenye mafiga, aliuliza sasa wanapikia nini. Kijana alisema wengine wamepanda miti yao, wengine wananunua mkaa, wengine basi tu. Pale ndipo nilipoona haya kulalamikia ngazi. Haya hiyo ilidumu mpaka tulipoanza kushuka.

Maana hakuna aliyeniambia kwamba kushuka ni kubaya zaidi. Kupanda kunadai pumzi, na pumzi unaweza kukopa. Kushuka kunadai magoti, na haya niliyonayo ndiyo ya mwisho. Nilishuka ubavu ubavu kama kaa, jokofu mbele, sasa likiwa na chupa tupu za watu wote. Yule bibi wa fimbo mbili tulimkuta chini kwenye kibanda cha wauza ndizi, ameshakula, ameshajua bei ya mkungu, anasema na mama muuzaji kwa ishara na wote wanacheka.

Mpaka leo ninapoandika napanda kitandani kwa awamu. Picha za gauni jekundu zimepata sifa nchi nzima. Katika mojawapo, pembeni, kuna mzee kajikunja juu ya jiwe, na watu wanauliza ni nani. Na jana shemeji katuma ujumbe kwamba sasa ni zamu ya Kalambo, kule Rukwa, mpakani na Zambia, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Dar, maji yanaanguka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja. Nimemwuliza kuna ngazi ngapi. Hajajibu swali, amenitumia namba ya kupokelea michango. Nilipotaka kubisha nikaambiwa nimeshalipiwa, na kwamba safari hii dumu linaruhusiwa.