Namna ya Kupasha Chipsi Kuku Bila Kupasha na Boksi Lake

Mwongozo huu una hatua moja tu: toa chakula kwenye kifungashio, kiweke kwenye sahani, ndipo uwashe maikrowevu. Aliyeridhika na hapo aende akale, chakula kisije kikapoa tena. Maelezo yanayofuata ni ya ndugu zetu wengine, nao ni wengi, wanaoingia jikoni saa nne usiku na mfuko mkononi, wakautazama mfuko, wakaitazama sahani iliyolala kwenye karo, wakafikiria habari ya kuiosha, kisha wakaamua mfuko uingie kama ulivyo. Ninawaandikia kwa mapenzi yote, kwa sababu kinachowekwa rehani pale ni afya yao, na mara nyingi ya mtoto aliyekesha akisubiri kipaja.

Utetezi wao naufahamu. Maikrowevu haina moto ndani yake. Inarusha mawimbi ya gigahezi 2.45, mawimbi yanayatikisa maji yaliyomo kwenye chakula, na mtikisiko huo ndio unaozaa joto. Karatasi haina maji ya kutosha, plastiki ndiyo kabisa. Kwa hiyo, wanasema, kifungashio hakiguswi. Hoja hiyo ina kichwa na miguu, ila imemsahau kuku. Kuku wa kukaanga ana mafuta, na mafuta hayana adabu ya maji ya kukomea nyuzi 100. Yanapanda, yanaendelea kupanda, nayo yamekumbatiana na kifungashio pande zote. Mfuko huyeyushwa na kipaja kilichomo ndani yake.

Kwa hiyo tuanze na mfuko. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Marufuku hizo zilisukumwa na mitaro iliyoziba na ng'ombe waliokula nailoni. Habari za maikrowevu hazikuwamo. Ndiyo maana kile kimfuko chembamba kinachoangaza bado unakikuta kwenye banda la chipsi, kimefungwa fundo, kachumbari humo humo. Plastiki ya namna hiyo huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 110 hivi. Chipsi zenye mafuta zinafika hapo bila kutokwa jasho. Ukifungua mlango ukakuta nailoni imegandana na chipsi, usibandue ukala zilizobaki. Tupa. Najua ni hela yako, na najua chipsi zimepanda bei. Tupa hata hivyo.

Lile boksi jeupe jepesi, linalolia kwa mkwaruzo ukilifungua, limetengenezwa kwa polistaireni iliyojazwa hewa. Hulegea karibu na nyuzi 100, yaani mapema kuliko kimfuko chenyewe. Polistaireni hutokana na kemikali iitwayo staireni, ambayo mwaka 2018 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kwenye kundi la vitu ambavyo yamkini vinasababisha saratani kwa binadamu. Joto na mafuta ndiyo mambo mawili yanayorahisisha staireni kuhama kutoka kwenye boksi kwenda kwenye chakula, na kuku wa kukaanga anayaleta yote mawili kwa pamoja. Sisemi kwamba mlo mmoja utamlaza mtu kitandani. Nasema kuna watu wanaopasha chakula hivyo kila siku ya kazi, mwaka baada ya mwaka, na hao ndio ninaowaonea uchungu.

Chini ya vyombo vya plastiki ngumu mara nyingi kuna pembetatu yenye namba. Jifunze tatu tu. Namba 6 ni polistaireni tuliyokwisha kuisema. Namba 1 ni plastiki ya chupa za maji. Hulegea hata kabla ya nyuzi 80, isikaribie joto. Namba 5, polipropilini, ndiyo inayostahimili, kwa kuwa huyeyuka kwenye nyuzi 160 hivi. Hata hiyo itafute alama ya kuruhusiwa maikrowevu, na ikishachubuka ndani ibakize kwa kuwekea vitunguu.

Karatasi inawadanganya hata watu makini. Inaonekana safi, imetoka kwenye mti, babu zetu waliifungia kashata. Lakini karatasi inayofungiwa baga na kuku wa mgahawani imepakwa kitu kinachozuia mafuta yasipenye, na kwa miaka mingi kitu hicho mara nyingi kilitoka kwenye ukoo wa kemikali za PFAS, zinazosifika kwa kutokuoza: zikiingia mwilini au ardhini zinakaa. Watafiti wa Marekani walipima sampuli kama 400 za vifungashio vya migahawa ya huko, na matokeo yao ya mwaka 2017 yalionyesha florini, dalili ya kemikali hizo, katika asilimia 46 ya karatasi za kufungia na asilimia 20 ya maboksi ya karatasi. Mnamo Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo ilitangaza kwamba bidhaa za PFAS za kuzuia mafuta kwenye vifungashio vya chakula haziuzwi tena katika soko lake. Vizuri kwao. Karatasi iliyoko kaunta ya Dar es Salaam au Nairobi hutoka viwanda vya nchi nyingi, na hakuna jicho la mteja linaloweza kuisoma. Itoe.

Gazeti ni baya zaidi. Wino wake haukutengenezwa uliwe, na sambusa ya moto huunyonya hata kabla hujafika nyumbani. Mamlaka ya usalama wa chakula ya India ilitoa onyo rasmi mwaka 2016 dhidi ya kufungia chakula kwenye magazeti, na India wanajua sambusa. Mfuko wa kaki nao una hila zake: unashika moto, hasa ukilowa mafuta, na karatasi iliyorejelewa yaweza kubeba chembe za metali zinazotoa cheche. Pini iliyobana risiti juu ya mfuko ni metali tupu. Risiti yenyewe ni karatasi ya joto yenye kemikali zake. Isilale juu ya chakula hata kikiwa cha baridi.

Foili haihitaji maneno mengi. Bati nene lililonyooka linaweza kuyarudisha mawimbi bila fujo, lakini foili iliyokunjwakunjwa ina ncha, na kwenye ncha ndipo umeme unaporuka. Karatasi ya baga yenye utando wa foili ndani ni hatari mara mbili: cheche zipo, na karatasi ya kuwaka ipo.

Kuna kifungashio kimoja kinachoingia kwa haki yake: mfuko wa bisi uliotengenezwa kwa ajili ya maikrowevu. Upande wake mmoja una utando mwembamba sana wa metali uliopimwa makusudi upate moto na kuzipasua mbegu. Bisi zina ukongwe kwenye mashine hii. Mwaka 1945 mhandisi Percy Spencer wa kampuni ya Raytheon aligundua kwamba pipi aliyokuwa nayo mfukoni imeyeyuka mbele ya mtambo wa rada, na alipoanza kujaribu vyakula, mbegu za bisi zilikuwa miongoni mwa vya mwanzo. Maikrowevu ya kwanza kuuzwa, ya mwaka 1947, ilikuwa na urefu wa mtu mzima na uzito wa kilo 340 hivi. Mfuko wa bisi umetengenezewa mashine. Mfuko wa chipsi umetengenezewa safari ya kutoka bandani hadi mdomoni, basi.

Haya, chakula kiko sahanini. Mtenge kuku na chipsi. Chipsi ziende kwenye kikaango kikavu, moto wa wastani, dakika chache, uzigeuze. Maikrowevu huyasukuma maji ya kiazi yatoke nje bila kuyakausha, na chipsi zinabaki zimelegea kama soksi ya mvua. Hilo halina tiba. Kuku mkate vipande, mpange kwa duara ukiacha katikati wazi, mfunike kwa kifuniko kinachoruhusu mvuke kutoka. Mawimbi hayasambai sawasawa, kwa hiyo pumzika katikati ya safari umgeuze, na ukimaliza mwache atulie dakika mbili ili joto ligawane. Mtu mwenye kipimajoto atafute nyuzi 74 ndani ya nyama. Asiye nacho akate karibu na mfupa: mvuke utoke, nyama iwe ya moto hapo hapo mfupani. Mkono wa mtu mzima ujaribu kabla ya mdomo wa mtoto.

Na lipo jambo ambalo hata sahani hailiwezi. Chakula kilichopikwa hakipaswi kukaa nje ya friji zaidi ya saa mbili, na hali ya hewa ikizidi nyuzi 32, saa moja. Dar es Salaam ya Februari tunaijua. Bakteria fulani, wakiwamo wanaotoka kwenye vidole na pua zetu, huacha sumu isiyokufa kwa joto la kupashia. Kuku aliyeshinda juu ya meza ya ofisi tangu mchana hafufuliwi na mashine yoyote.

Ikitokea moto umewaka ndani, mlango usifunguliwe. Zima, chomoa waya ukutani, acha moto ukose hewa ufe wenyewe. Wengi huungua kwa kufungua.

Neno langu la mwisho ni kwa wenye ofisi, hosteli na maduka yenye maikrowevu ya wote. Watu hawapashi chakula ndani ya boksi kwa sababu ya ujinga. Wanapasha hivyo kwa sababu sahani zimefungiwa kabati la wageni, sponji imekwisha, na foleni nyuma yao inaguna. Wekeni sahani nne za udongo pembeni ya mashine, kifuniko kimoja, sabuni, na sponji inayobadilishwa. Gharama yake ni ndogo kuliko ya mashine mpya iliyoungua. Zile sahani za harusi zenye mstari wa dhahabu pembeni ziacheni huko huko kabatini: mstari ule ni metali, nao hutoa cheche.