Barua ya wazi kwa Mlezi wa Wanafunzi

Mlezi wa Wanafunzi,
Chuo kikuu chetu kidogo,
Huku mkoani.

YAH: OMBI LA KUHAMISHIA MUHURI WA OFISI YAKO KWENYE KIBANDA CHA MAMA NTILIE

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza pokea pongezi. Kule Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwanafunzi akisahauliwa tunaelewa, maana wako maelfu kwa maelfu. Sisi tuko wachache kiasi kwamba hata mbwa wa mlinzi getini anatutofautisha, na bado ofisi yako imeweza kutomjua hata mmoja wetu. Hicho ni kipaji.

Mlangoni kwako pana karatasi: kuona wanafunzi ni Jumanne na Alhamisi, saa nne hadi saa sita. Jumanne kuna kikao cha menejimenti. Alhamisi kunaandaliwa kikao cha Jumanne. Sisi hatulalamiki, tumekwisha kupanga ratiba ya shida zetu ili ziwe zinatokea Jumapili, siku ambayo angalau hatutegemei kitu.

Sasa tuje kwenye bumu. Tangu mwaka 2023 posho ya chakula na malazi kwa wanufaika wa mkopo ni shilingi 10,000 kwa siku, kutoka 8,500, na siku ile tulishangilia. Lakini bumu huja kwa mkupuo, na tumbo halina akili ya mkupuo. Kila chuo kinapofunguliwa, majina yetu huwa "yanashughulikiwa". Uhasibu wanasema matokeo hayajapandishwa kwenye mfumo. Taaluma wanasema mfumo uko chini. Mtu wa mfumo yuko likizo. Tukifika kwako unatuasa tuwe wavumilivu kama ninyi enzi zenu. Samahani, Mlezi, lakini enzi zenu serikali ndiyo iliyolipa, na mlikwenda bwaloni mkakuta sahani imejaa. Uchangiaji wa gharama ulikuja miaka ya 1990, ninyi mmeshavaa majoho. Uvumilivu mnaotusimulia ulikuwa wa kungoja kuongezewa mchuzi.

Wiki hizo za njaa, anayetubakiza chuoni ni Mama, yule mwenye kibanda nyuma ya bweni la wasichana. Ana daftari. Lina jina, kozi, namba ya simu na kiasi cha deni. Pembeni ameongeza safu ambayo mfumo wenu wa mamilioni hauna: "anasubiri bumu", "anaumwa", "kafiwa na baba, nisimdai". Naomba usome tena hiyo ya mwisho, kisha ufungue kompyuta yako utafute mahali ilipoandikwa.

Muhula uliopita mwenzetu wa mwaka wa kwanza alitoweka. Kwenye mfumo alikuwa mzima wa afya, kwa sababu alikuwa anadaiwa ada. Aliyegundua ni Mama, maana wali maharage wake ulikuwa unabaki. Akamtuma kijana wa bodaboda hadi geto kwake, akamkuta hoi kwa malaria, akambeba mpaka hospitali ya wilaya. Ofisi yako ilipata habari pale mgonjwa alipoleta fomu ya kuahirisha mtihani. Mkamrudishia, kwa kuwa hakutoa taarifa ya ugonjwa kwa maandishi ndani ya saa 48. Bodaboda naye hakuwa na nakala.

Utauliza kwa nini hakwenda zahanati ya chuo. Alikwenda. Akaambiwa ana UTI. Kila aingiaye pale hutoka na UTI. Anayekohoa ana UTI, aliyeteguka kifundo cha mguu ana UTI ya kushuka. Kuhusu kadi ya bima, shilingi 50,400 alilipa mwezi wa kwanza wa masomo, na jina lake bado mnaliandaa ili lipelekwe.

Ushauri nasaha tunao, nisije nikaonekana sina shukrani. Chumba chake ndicho stoo ya majoho ya mahafali, hivyo mwenye msongo wa mawazo huketi katikati ya nguo ambazo anahofia hatazivaa. Tatizo dogo ni kwamba mshauri ndiye huyohuyo katibu wa kamati ya nidhamu. Siri uliyomweleza Jumatatu unaweza kusomewa Ijumaa, ikiwa na namba ya kifungu. Vitanda vya bweni navipita. Kubebana umekupiga marufuku kwa tangazo, na tangazo limebandikwa juu ya kitanda wanacholala wawili.

Kazi bora kuliko zote ni fomu ya klirensi. Nipo mwaka wa tatu, ndiyo nimeanza kuizungusha. Maktaba wasaini kwamba sidaiwi kitabu. Bweni, kwamba sidaiwi godoro, ingawa nimepanga mtaani tangu mwaka wa pili. Ikaja zamu ya ofisa michezo, asaini kwamba sidaiwi mpira. Ada ya michezo nimelipa kila mwaka, na kwa miaka yote hiyo sijauona mpira wa chuo hata kwa mbali. Nikamuuliza, mtu anadaiwaje mpira ambao haupo? Akanitazama kwa huruma. "Ndiyo maana lazima tuhakikishe," akasema. "Huenda ni wewe uliyeuchukua."

Ombi langu ndilo hilo la kwenye kichwa cha habari. Muhuri uende kwa mtu ambaye tayari anajua nani hajala, nani anaumwa na nani kafiwa. Wewe ubaki na ofisi, kiti cha kuzunguka na posho za vikao, hatutaki uteseke. Na lile fungu la ustawi wa wanafunzi, lililonunua fulana zenye picha yako mgongoni, mwaka huu liwe mtaji wa Mama kwa wiki zile ambazo majina yetu yanashughulikiwa. Atawaletea hesabu hadi ya chumvi.

Najua barua za wazi zina historia. Mwaka 1971, rais wa wanafunzi wa Mlimani, Mkenya Symonds Akivaga, alimwandikia moja Makamu Mkuu wa Chuo, Pius Msekwa, huyo aliyekuja kuwa Spika wa Bunge. Akivaga akafukuzwa, askari wenye silaha wakaja kumwondoa, wanafunzi wakasusia masomo. Wenzangu wananionya kwa kisa hicho. Mimi kinanitia wivu: barua yake ilisomwa.

Hii yangu nilitaka kuibandika kwenye ubao wa utawala, lakini kanuni inadai muhuri wa Mlezi. Katibu muhtasi anasema umesafiri kwenda Dodoma kwenye warsha ya kuboresha huduma kwa wanafunzi, muhuri uko kabatini, ufunguo umeondoka nao. Basi nimeibandika kibandani, chini ya bei ya chapati. Ukirudi, karibu upite. Chai ya rangi nitakulipia mimi. Ukitaka na maandazi ya kukopa, andaa jina, kozi na namba ya simu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwanachuo wa mwaka wa tatu,
asiyedaiwa mpira.