Wali wa Buluu

Mama mkwe alishuka kwenye basi la Muheza na mizigo mitatu: kapu la machungwa, kuku aliyefungwa miguu, na kipande cha gogo la mwembe kilichoviringishiwa kanga. Kuku alikuwa wangu. Kanga ilipofunguliwa tukaona okidi imeling'ang'ania gogo, ile ya maua ya njano yenye madoa ya kahawia kama chui. Wataalamu huiita Ansellia africana; mama mkwe humwita mgeni wa mwembe. Mwembe uliangushwa na upepo, akaona si haki mgeni afe pamoja na mwenyeji wake.

Mke wangu akaitundika barazani, jirani na okidi yake ya dukani ambayo watoto hawaruhusiwi hata kuipumulia. Mimi nikakabidhiwa kumwagilia na kutia mbolea.

Kwa kopo, kazi hiyo hunila saa nzima: waridi, asumini, mchicha, matembele, kisha hao waheshimiwa wa barazani. Ndiyo maana nilipoona Kariakoo kidude cha shaba kisichozidi kidole gumba, moyo ukanipaa. Hufungwa kati ya koki na mpira wa maji. Ubavuni kina mrija mwembamba unaotumbukizwa kwenye ndoo ya mbolea kali. Maji yakibanwa kwenye koo lake hukimbia, na yakikimbia msukumo wake hushuka. Hapo ndoo hufyonzwa yenyewe. Mwitaliano Giovanni Battista Venturi aliyaandika hayo mwaka 1797, na mimi nikayasikia kwa muuza koki. Kwa kila sehemu 1 ya ndoo, akasema, hupita sehemu 16 za maji. Nilirudi Kimara kama mtu aliyenunua trekta.

Unga wangu ulikuwa wa buluu, 20-20-20, kijiko kimoja cha chai kwa lita 4. Ndoo ya lita 10, mara 16, ni lita 160: vijiko 40. Mama mkwe alikuwa mkekani anapepeta mchele, akawa ananihesabia kimyakimya. Nilipofika cha ishirini akashindwa.

"Mkwe wangu, hiyo sumu ya panya?"

"Chakula cha maua, mama."

"Na huyu wangu alikuwa akilishwa na nani kule juu ya mwembe?"

Akaniita nitazame. Kuzunguka shina, mizizi myeupe ilikuwa imesimama wima kama sindano, ncha juu. Majani makavu yakidondoka hunaswa humo, yanaoza, mmea unakula. "Kaja na kapu lake," akasema. Nikaitikia "Ndiyo, mama," kwa ile sauti ya mkwe ambaye kichwani anaendelea na cha ishirini na moja.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu tupu. Simtanki yetu iko juu ya mnara wa mita 3, na mita 10 za kimo ndizo hutoa kama baa 1 ya msukumo. Maji yalitoka yakijikokota, ndoo haikupungua hata tone. Ikabidi niifunge simtanki, nisubiri mgao wa maji ya mtaani.

Jumamosi alfajiri koki ya uani ikakoroma, ikatema hewa, ikatema kutu, halafu maji ya mtaani yakaja kwa nguvu. Kidude kikanywa! Mpira ukatoa maji ya rangi ya anga. Nikalisha waridi, nikalisha mchicha, nikalisha na ukuta wa jirani. Nilipofika barazani nikakosa mara mbili kwa mkupuo mmoja. Okidi hupewa nusu ya kipimo au chini ya hapo, tena mizizi ikiwa imeshalowa. Mizizi ya okidi zetu ilikuwa mikavu, ina rangi ya fedha, na mizizi ya namna hiyo hufyonza kama sifongo. Nikaimiminia kipimo cha waridi.

Maji yakakatika. Mgao hauagi. Nikaacha kila kitu kilivyo, koki wazi, ndoo juu ya meza ya baraza ili kuku asiifikie (watoto walishampa jina, hakuna tena wa kumchinja), nikaingia ndani kunywa chai.

Nyumba yetu imejengwa kwenye mteremko. Jiko liko chini ya baraza. Bomba la jikoni na la uani ni mstari mmoja. Mama mkwe akafungua bomba kusuuza mchele. Bomba halikuwa na maji, ila juu yake kulikuwa na ndoo yangu.

"Nani katia buluu ya nguo kwenye mchele wangu?"

Tulifika jikoni wote. Karai zima lilikuwa limeiva rangi, punje zimetulia chini kama shanga. Mke wangu akalitazama karai, akanitazama mimi. "Baba watoto," akasema, akaishia hapo.

Fundi bomba alikifungua kidude kwa bisibisi. Ndani mna kilango cha kuzuia maji yasirudi nyuma. Punje moja ya mchanga wa mgao ilikuwa imekiweka wazi. "Bosi," akasema, "mtaa ukivuta, ungewalisha majirani." Jioni ile niliwachungulia majirani kila walipochota maji.

Mchele ulimwagwa, mabomba yakasafishwa mpaka simtanki ikalia. Okidi nikazimwagia maji matupu ndoo kwa ndoo ili chumvi ishuke. Ile ya dukani iliungua ncha za mizizi, nami nikaungua masikio. Sasa inapewa robo kijiko kwa lita 4, kwa kopo, na kila wiki ya nne maji peke yake. Mgeni wa mwembe hapewi kitu. Majani ya mpera yanamdondokea.

Mama mkwe hupiga simu kila Ijumaa. Huanza na mgeni wake, kisha wajukuu, kisha kuku.

"Na kile kidude?"

"Kiko stoo, mama."

"Stoo ina bomba?"