Ufunguo Uliolala Tandika

Mume wangu ni Yanga. Mimi ni Simba, niliyeipokea kwa baba yangu. Watoto walijigawa wenyewe bila kuitiwa kikao: binti mkubwa akamfuata baba yake Jangwani, wavulana wawili wakabaki na mama yao Msimbazi. Siku za kawaida huwezi kujua. Dabi ikikaribia ndipo utaona jezi za kijani zimeanikwa upande mmoja wa kamba na nyekundu upande mwingine, na wavulana wanakataa katakata kunywea chai kikombe cha njano.

Novemba 2023 wazazi wangu walikuwa wamekuja Mbagala kutusalimia, wakitokea Muheza. Ujana wake baba alifanya kazi bandarini, na mechi za Simba zilikuwa hazimpiti kwenye Uwanja wa Taifa wa zamani, huu ambao leo ni Uhuru na ambao wenye mji wanauita Shamba la Bibi. Mwaka 1977 alikuwepo, Simba ilipoifunga Yanga sita bila na Abdallah Kibadeni akapachika matatu peke yake. Baadaye akarudi Muheza kulima machungwa, na mpira wake ukawa wa redioni. Uwanja wa Mkapa ulifunguliwa mwaka 2007, unaingiza watu 60,000, naye alikuwa hajaukanyaga. Nilipoona kwenye ratiba kwamba watani wanakutana Jumapili tarehe 5, nikamwambia mume wangu kwamba safari hii mzee lazima aingie. Hakubisha. Mkwewe ni Simba, lakini ni mkwewe. Tiketi za familia nzima alizilipia yeye, na ya mama mkwe ndiyo aliyoitanguliza.

Mama yangu si mtu wa mpira. Ni mtu wa safari, na kwake safari isiyo na chakula si safari. Alfajiri ile alikwisha kaanga vitunguu, na hadi saa nne pilau lilikuwa limepakuliwa kwenye hotpoti yake kubwa, ile aliyoiandika herufi ya jina lake kwa rangi ya kucha kwenye kitako, isipotee shughulini. Sasa nyumba yetu ina funguo mbili. Mmoja ulikuwa kwa dada wa kazi, aliyekuwa harusini kwao Korogwe. Wa pili mama akauchukua mkononi mwangu. “Huko kwenye watu wengi watakuchomolea,” akasema, akaufunga pindoni mwa khanga, mafundo mawili. Khanga hiyo hiyo akaizungushia hotpoti pilau lisipoe. Simu yake nayo akaiacha sebuleni kwenye chaji, kwa hofu hiyo hiyo ya wadokozi.

Tulishuka Uhasibu tukaunga msafara. Nawaombea wote wenye watoto wapate siku moja ya kutembea barabara ile saa za mechi. Kuna wazee waliojipaka rangi usoni, wanawake wenye vilemba vyekundu, vijana wanaouza skafu za pande zote mbili kwa mkono mmoja. Mahali pa kuachana, mume wangu na binti yetu wakashika njia ya majukwaa ya Yanga, sisi tukashika ya Simba. Mtoto wa mwisho alimkumbatia dada yake kama anayekwenda masomoni Ulaya.

Getini askari kijana alimwamkia mama vizuri kabisa. “Shikamoo bibi. Humo mna nini?”

“Marahaba mwanangu. Pilau.”

Akafunua mfuniko. Mvuke ukapanda na iliki yake na mdalasini wake, na foleni nzima ikageuza shingo. Kijana alisimama na mfuniko mkononi kwa muda kabla ya kuufunika tena taratibu. “Bibi, chakula hakiruhusiwi. Wala chombo kigumu.” Mama akamwambia achukue kisahani apakuliwe. “Ningekula, bibi, ila niko kazini.” Alikuwa na haki. Lakini natamani kila uwanja wetu uwe na banda la kuhifadhia vitu, mtu aache mzigo wake apewe namba. Mama aliyetoka na wajukuu kwenda mpirani atabeba chakula tu, hilo halizuiliki, na mpira unaomhitaji mama huyo umwekee mahali pa kukiacha.

Chini ya mwarobaini, hatua chache kutoka getini, alikuwepo mama mmoja anakaanga mihogo. Mama yangu akaenda kumsalimu, na salamu ikazaa mazungumzo: yule ni wa Handeni, huyu wa Muheza, wote watu wa Tanga. Walipomaliza kuulizana habari, hotpoti ilikuwa imekwisha kupokelewa, khanga na yote, ikawekwa nyuma ya ndoo ya kachumbari. Mama akataja namba yake ya simu tarakimu kwa tarakimu, yule mwenzake akaihifadhi. “Mtanikuta hapa hapa. Nikiondoka mapema nitakupigia.” Wimbi la watu likatusukuma ndani.

Baba alipanda ngazi za mzunguko bila kusema neno. Alipotokeza juu na kuona majani ya uwanja yote kwa pamoja, alivua kofia. Kisha akakaa, akatoa redio yake ndogo, akaipachika sikioni. Nikamwambia, baba, mpira huo hapo. Akasema mpira bila mtangazaji hauna majina.

Dakika ya 3 tu, upande wa pili ulilipuka. Kennedy Musonda alikuwa amefunga. Baba aliangalia redio, akaangalia uwanja, akaangalia redio tena. “Huyu mtangazaji amechelewa,” akasema, na nikaona mshangao wa kweli usoni mwake, kwa sababu tangu ahamie shamba alikuwa hajawahi kuliona bao kabla ya kuambiwa. Dakika ya 9 Kibu Denis akasawazisha, nasi tukaruka wote, na redio ikaruka nasi. Ilianguka kwenye saruji, betri zikachomoka zikaviringika chini ya viti vya watu. Tulipata moja. Tangu hapo mtangazaji nikawa mimi.

Mapumziko yalifika moja kwa moja, tukiwa na matumaini. Kipindi cha pili ndicho kilichotumaliza. Dakika ya 64 Maxi Nzengeli. “Nani huyo?” baba akauliza. Nikamtajia. “Wa wapi?” Kongo, baba. Dakika ya 73 Aziz Ki. “Na huyo?” Burkina Faso. Dakika ya 77 Maxi tena, na ya 87 Pacôme Zouzoua kwa penalti. “Wa wapi?” Ivory Coast. Akatikisa kichwa. “Sisi wachezaji tulikuwa tunajua mpaka mtaa wanaopanga.” Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anahesabu jinsi ligi yake ilivyokua wakati yeye yuko kwenye machungwa.

Bao la nne lilipoingia, jukwaa letu lilianza kupukutika. Mtoto wa mwisho alilia kwa kwikwi, akaomba twende nyumbani. Baba akampakata. “Mjukuu wangu, nilikaa mpaka mwisho siku tunawafunga sita. Na leo nitakaa.” Tukakaa. Tano kwa moja, mpaka filimbi. Sijawahi kumpenda baba yangu zaidi ya nilivyompenda katika dakika zile, akiwa ameshika redio isiyosema, akiwapigia makofi vijana wa Simba waliokuwa wanatoka uwanjani vichwa chini.

Giza lilikuwa limeingia. Umati ulitutoa kwa geti jingine kabisa, na mpaka tuzunguke kurudi kwenye ule mwarobaini, chini yake palibaki maganda ya mihogo na majivu yenye joto. Mama hakutetereka. “Atapiga, alisema atapiga.” Kisha tukatazamana, maana wote tulikuwa tunajua simu iko wapi. Ndipo mama akapeleka mkono kiunoni kutafuta pindo, akakuta amevaa khanga moja tu.

Mtaani kwetu ilikuwa sikukuu. Vuvuzela, ngoma, bodaboda zinapita na bendera za kijani, kila mkono umenyooshwa vidole vitano. Mume wangu na binti yetu walikuwa wamekwisha fika, wameketi barazani wakisubiri tufungue. Alipomwona baba, mume wangu alisimama, akavua skafu ya Yanga akaikunja akaiweka mfukoni. “Shikamoo baba. Poleni na safari.”

“Marahaba mwanangu. Hongereni. Mmecheza mpira.”

Binti alikuwa ameficha mkono ndani ya dera. Najua vidole vilikuwa vingapi mle ndani, na najua ilimgharimu nini kutoutoa mbele ya babu yake.

Nilikuwa ndiyo kwanza naanza kueleza habari ya ufunguo, simu ikaita ndani ya nyumba. Mlio ni wa kaswida, mama hajawahi kuubadilisha. Ikaita mpaka ikakatika. Ikaanza tena. “Ni yeye,” mama akasema, akasogea mlangoni akamjibu kupitia mbao: “Mwenzangu, tuko nje!” Dirishani tuliiona ikiwaka juu ya meza ndogo. Nondo hazipitishi hata mkono wa mtoto, ila zinapitisha mpini wa fagio, na mume wangu ni mtu asiyekata tamaa. Aliuingiza mpini, akaunasa waya wa chaji, akauvuta pole pole kuelekea dirishani huku wavulana wakimwelekeza, kulia, kushoto, inua. Meza ilipokwisha simu ikaanguka, ikateleza chini ya kochi, na huko iliendelea kuita kaswida mara mbili zaidi. Namba ya yule mama hakuna aliyekuwa nayo. Imo ndani ya simu ile ile.

Fundi funguo wa mtaa hakupatikana. Tukaambiwa yuko kwenye shangwe. Mlango wetu ni wa mninga, na mume wangu alipouliza kama auvunje, baba alisema mlango mzuri hauvunjwi kwa sababu ya kitu kinachojulikana kilipo.

Aliyetuokoa ni jirani, kiongozi wa tawi la Yanga hapo mtaani. Alikuwa na sufuria la biriani la kusherehekea na wenzake. Alikuja mwenyewe, akamwamkia baba kwa mikono miwili, akasema wageni hawalali barazani na yeye yupo. Tukaenda, Simba watano wenye njaa, tukanawishwa na watu wa jezi za njano, tukapakuliwa sisi kwanza. Ukila cha mtu unamsikiliza, kwa hiyo tuliyasikia mabao yote upya, moja baada ya jingine. Lakini hakuna hata mmoja aliyetuonyesha vidole. Katikati ya simulizi jirani akamgeukia baba: “Mzee, wanasema wewe 1977 ulikuwepo. Ilikuwaje?” Basi redio ikarudi hewani. Baba alilitangaza kila bao la Kibadeni, na vijana wa Yanga walimsikiliza mpaka mwisho, wengine wameacha kula. Tukalala kwao kwenye mikeka, chini ya chandarua kimoja.

Alfajiri mama aliniamsha. Alikuwa amekumbuka neno: siku zisizo za mechi, yule mwenzake yuko soko la Tandika. Tulichukua bajaji sisi wawili. Hatukuzunguka sana, maana hotpoti tuliiona kabla ya mwenyewe, imeoshwa, imefudikizwa juu ya kiroba cha mihogo, herufi ya rangi ya kucha inang’aa juani. Khanga ilikuwa imekunjwa, mafundo mawili hayajaguswa. “Niliona kuna chuma pindoni,” yule mama akasema, “nikajua ni cha watu. Nimepiga simu mpaka nikadhani wamekuibia.” Kuhusu pilau akainamisha macho kidogo. Usiku ulikuwa wa joto, asingeweza kuliacha lichache, amewapa wanawe.

“Wameshiba?” mama akauliza.

“Wamebakiza karafuu tu.”

Mama akacheka, akakaa kwenye kigoda, na nikajua hatuondoki hivi karibuni. Ndipo yule mama akatueleza jambo ambalo bado linaniuma. Anakaanga mihogo nje ya geti lile tangu binti yake anasoma chekechea, na sasa binti ana mtoto. Hajawahi kuingia ndani. Mechi anaijua kwa kelele. “Jana la kwanza lililia upande wa wale. La pili likalia kwetu, nikasema Alhamdulillah. Baada ya hapo wale, wale, wale, wale. Nikafungasha ndoo zangu nikaondoka.” Ni Simba. Ameisikiliza Simba kutoka upande wa pili wa ukuta muda wote huo, mkono mmoja kwenye mafuta ya moto, na kila kishindo alilazimika kukikisia.

Mama aliniangalia. Sikuhitaji kuambiwa.

Marudiano yalikuwa Aprili 20, 2024. Wazazi walirudi Dar, mume wangu akaongeza tiketi moja, na beseni la mihogo akaachiwa binti wa yule mama. Safari hii pilau lililiwa nyumbani kwanza. Ndani yule mama wa mihogo alikaa kati ya mama na baba, mikono mapajani, na kipindi cha kwanza chote hakusema kitu, hata Aziz Ki alipofunga kwa penalti, hata Joseph Guede alipoongeza la pili. Freddy Michael alipoturudishia moja dakika ya 74, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama kwenye safu yetu, na hakukaa tena.

Tulifungwa mbili kwa moja. Njia nzima hadi Tandika mama yangu, ambaye si mtu wa mpira, alishikilia kwamba ile haikuwa penalti, na yule mama akashikilia kwamba ilikuwa, ameiona kwa macho yake, na bajaji ilipofika kwake hakuna aliyekuwa tayari kushuka.