Barua ya wazi kwa wakubwa wa stima: kikombe chetu kitastaafu lini?

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Dunga, kando ya ziwa, kwa mwanga wa koroboi, kuwapongeza kwa jinsi mnavyowaheshimu wazee. Mtumishi wa umma akifika miaka 60 huagwa kwa keki na soda, akaenda kulea wajukuu. Lakini kile kikombe cha kauri kinachoshikilia waya kwenye nguzo yetu hakuna aliyethubutu kukiuliza umri. Kimo kazini tu, ukingo umemeguka, sketi zake, yale mabapa ya duara ubavuni, zimegeuka kahawia, na bado kinatakiwa kuzuia volti 11,000 zisiteremkie nguzo.

Ukaguzi hufanyika, sikatai. Gari hupita, kidole hutoka dirishani, daftari likapigwa tiki. Shida ni kwamba kauri ni mnafiki. Kikombe cha kioo kikishindwa hupasuka chote, vigae vikatapakaa chini, hata mtoto wa chekechea akajua hakipo. Cha kauri huficha ufa wake tumboni na kuendelea kung'aa. Mega, kile kifaa cha kupima kama stima inavuja, ingewaambia ukweli. Kiti cha mbele cha gari hakiwezi.

Na sisi wa ziwani uchafu wetu si wa kawaida. Kuna vumbi la Januari, masizi ya miwa inayochomwa upande wa Miwani, na vile vijidudu vinavyopanda juu ya maji kama moshi, vikifika nchi kavu vinanata popote. Kongoti nao huongeza mchango wao mweupe. Mvua kubwa huosha yote. Balaa ni manyunyu: hulowesha uchafu bila kuuondoa, stima ikapata kijia cha kutambaa. Usiku kama huo simama hapo chini, utasikia chaaa, kama mgongo wazi wa samaki ukitumbukizwa kwenye mafuta kule Obunga. Ukiinua macho, cheche za samawati zinazunguka sketi. Halafu pa!

Kesho yake tunaambiwa ni ndege.

Wanyama wana makosa yao, kweli. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili aliangukia transfoma kwenye kituo cha umeme cha Gitaru, nchi nzima ikakaa gizani zaidi ya saa tatu, mwenyewe akatoka mzima. Huyo angalau alikamatwa. Ndege wa Dunga huhukumiwa bila hata unyoya kuokotwa.

Msiseme vipimo ni ghali. Kuna pia vikombe vya mpira wa silikoni: vikiwa vipya, maji hukaa juu yake vitone vitone kama kwenye jani la nduma. Jua na uchafu vikishavichosha, maji hutandaa yakawa utando. Kujua hali yake mnahitaji chupa ya kupulizia maji, kama ile ya kinyozi yeyote wa Kondele, na macho ya mtu aliyepanda nguzo. Ni lazima stima izimwe kwanza, lakini katika hilo hamna mpinzani.

Nguzo yetu ni ya tatu kutoka kibanda cha mama wa omena. Njooni usiku wa manyunyu, mzime redio ya gari. Mkikosa ngazi, yangu ipo, imepungukiwa vidato viwili tu.

Ni mimi mteja wenu, mwenye yuniti 74 kwenye mita na giza sebuleni.