Nipeni Mtu Nigombane Naye

Kila nikiwasha redio namkuta mtaalamu anatuonya kwamba mashine zinakuja kutunyang'anya kazi. Sijui mwenzetu huyo anaishi mtaa gani. Mtaani kwetu mashine hazijamnyang'anya mtu kazi. Zimeleta kazi, zikazitua mlangoni kwangu, na mpaka leo hakuna aliyeniuliza nataka mshahara kiasi gani.

Zamani kulikuwa na msoma mita. Alikuja na daftari kwapani, mbwa wa jirani wakamkimbiza, akasoma, akaandika, akaenda zake, bili ikafuata. Benki kulikuwa na karani aliyehesabu noti kwa kulamba kidole. Ofisi zile nyingine kulikuwa na dada wa kaunta, anakujazia fomu kwa mwandiko wa duara huku akikudadisi jina la babu. Leo msoma mita ni mimi. Karani ni mimi. Dada wa kaunta ndiye huyu, na miwani yangu ya kusomea iliyofungwa waya upande mmoja. Najaza, nahakiki, napakia kiambatanisho, naambiwa kiambatanisho ni kizito, nakipunguza, nangojea namba ya siri itumwe kwenye simu, na namba yenyewe ikifika imebakiza nusu dakika kufa. Nina ajira zote hizo na sina hata senti ya pensheni.

Mwaka 2024 nikapandishwa cheo kuwa mhandisi. Hizi mita za umeme wa kulipia kabla, duniani kote, zilitengenezwa zihesabu muda kwa dakika kuanzia Januari 1, 1993, na waliozibuni wakazipa nafasi ya dakika milioni 16 na laki saba hivi, basi. Ukipiga hesabu unapata kama miaka 32. Siku ya mwisho ikaangukia Novemba 24, 2024. Kila tokeni unayonunua imebeba ndani yake dakika iliyozaliwa, ndivyo mita inavyojua kuwa ni mpya na haijatumika. Saa ikifika ukingoni ikarudi sifuri, mita inaiona tokeni ya leo kuwa ya zamani kuliko ya juzi, inaitema. Kwa hiyo kuanzia Afrika Kusini hadi kwetu Tanzania, mita zikabidi ziboreshwe kwa mamilioni kabla ya siku hiyo. Yule bwana aliyekaa akaamua kwamba miaka 32 inatosha, nina hakika alikuwa ameshapiga hesabu zake za kustaafu.

Na nani aziboreshe? Unanunua umeme, unaletewa tarakimu 20, halafu 20 nyingine, ndipo zije 20 za umeme wenyewe. Sitini! Mke wangu anasoma kwenye simu, mimi nimepanda kigoda nabofya, mtoto kashika tochi na anasinzia.

"Sifuri, sita, mbili, nane, nane."

"Nane moja au mbili?"

"Nimesema nane, nane."

"Ndiyo nakuuliza, umesema mara mbili au nane ni mbili?"

Umeme uliingia. Maongezi hayakurudi mpaka kesho yake mchana.

Hata hivyo kazi naiweza, nililelewa na jembe. Kinachonitesa ni kwamba mashine imeondoka na mtu wa kugombana naye. Kuna kampuni moja ya simu, jina lake nalihifadhi kibindoni, ilikuwa inanikata salio kila siku kwa ajili ya muito ambao sikuuomba. Anayenipigia anasikia wimbo wa mapenzi, kijana analia kuwa ameachwa. Mimi ni mjumbe wa kamati ya msikiti. Nikapiga huduma kwa wateja. Sauti ya binti, laini kama ya mtu anayekubembeleza ule, ikanikaribisha. Kwa vifurushi bonyeza moja, kwa mikopo bonyeza mbili, kwa ofa kabambe za wikiendi bonyeza tatu. Miito ilikuwa namba sita. Nikabonyeza sita. Binti akafurahi sana, akanipongeza kwa kujiunga na muito wa pili.

Nikamfokea. Nilimfokea vizuri, kwa Kiswahili cha kutosha, na nikamtajia umri wangu. Akanijibu kwa upole uleule kuwa chaguo langu si sahihi.

Sasa tuwe wakweli. Karani wa zamani ungemfokea hivyo, kuna kitu kingetokea. Angeona aibu, au naye angekufokea mkafika kwa meneja. Au katikati ya ugomvi angeliangalia jina lako kwenye fomu na kusema, "Kumbe wewe Mzaramo? Ndiyo maana!" Ukimtazama vizuri ni Mnyamwezi, mtani wako. Hapo ugomvi umekwisha, anakutukana kidogo, unamtukana kidogo, faili lililopotea miezi linapatikana chini ya kikombe cha chai. Mashine haina kwao. Haina mtani wala shemeji, na haina mjomba unayeweza kumpigia.

Haya niliyaeleza kijiweni, pale kwenye kahawa, nikategemea kuungwa mkono. Mzee mmoja, karani mstaafu, akaweka kikombe chini taratibu. "Wewe unalilia karani," akasema, "lakini umesahau karani alikuwa anakula. Faili lile lilikuwa halikupotea. Lilikuwa linasubiri uliulize vizuri. Mashine haili chai." Wote wakamwangalia kwa heshima, maana alikuwa anatoa ushahidi wa ndani.

Hoja yake ina uzito, siikatai. Ukilipia kitu cha serikali siku hizi unapewa namba ya malipo, fedha inaingia inakostahili na risiti inalia kwenye simu kabla hujafunga pochi. Lakini mashine inakula, mzee wangu, tena inakula mchana kweupe. Julai 2021 ilipoanza ile tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala mmoja kutegemea unatuma kiasi gani, chai ile ungeipunguza kwa kumbembeleza nani? Karani ukimwambia mtoto anaumwa, anatoka na nusu. Watu walipiga kelele nchi nzima mpaka viwango vikashushwa, na kelele zile walipigiwa binadamu wenye masikio. Mashine ilikata kiwango cha mwanzo na ikakata kiwango cha baadaye, uso uleule.

Kijana wa bodaboda akadakia kwamba wazee hatupendi maendeleo. Kijana huyu, akili mnemba ndiyo inayomwandikia meseji za kumwomba radhi mchumba wake, na amesamehewa kila mara. Kwa hilo sina cha kumwambia.

Kuhusu maendeleo, nilimwambia habari za shangazi. Mwisho wa 2019 laini zote za simu zilitakiwa zisajiliwe kwa alama za vidole, ukomo ukawa Desemba 31, kisha ukasogezwa hadi Januari 20, 2020. Shangazi amelima toka akiwa msichana. Tukampeleka kwa kijana wa mwavuli pale njiapanda, akaweka kidole gumba kwenye kile kidude. Kikakataa. Akakifuta kwa kanga, kikakataa. Akaletewa maji na sabuni, akanawa kama anayesubiri pilau, wapi. Wakajaribu vyote kumi, hadi kidole cha mwisho.

"Bibi, vidole vyako havisomeki."

"Visome wewe, mwanangu. Ndivyo vilivyomlea baba yako."

Kijana akainama, aibu imemshika. Unaona? Mtu! Lakini hakuwa na la kufanya, mwenye kauli ni kidude. Laini ikaishia kusajiliwa kwa kitambulisho cha mjukuu, na tangu siku hiyo, kwa mujibu wa mfumo, shangazi ni kijana wa kiume wa miaka 22. Anatumiwa matangazo ya kubashiri mpira. Siku moja akaniuliza Arsenal ni wa kabila gani.

Mfumo, basi. Wakubwa wamempata mtu wa kumsukumia kila kitu. Siku ya kuzindua, utepe anakata mheshimiwa, picha anapigwa mheshimiwa, na sisi tunaelezwa kuwa tumeingia kwenye zama za kidijiti. Siku ya kugoma, aliyegoma ni mfumo. Unafika dirishani, unakuta mhudumu amekunja mikono, anakwambia mfumo hauko sawa, rudi kesho, naye ametulia kabisa, hana kosa. Nchi hii nimeona wakurugenzi wakitenguliwa usiku kwa taarifa ya mistari mitatu. Nimeona wakuu wa mikoa wakitenguliwa, makatibu wakuu wakitenguliwa, wengine wakateuliwa na kutenguliwa kabla hawajahamisha masufuria. Sijasikia mfumo umetenguliwa, na wala hakuna anayejua anaapishwa wapi.

Majirani zetu Wakenya walijaribu kumkamata. Uchaguzi wa Agosti 2017 matokeo yalipelekwa kwa mitambo, upinzani ukayakataa, nchi nzima ikawa inaimba "fungua sava." Mahakama ya Juu ikaiamuru tume iifungue ili wakaguzi waone kilichomo, tume ikawa inazungukazunguka, na Septemba 1 majaji wanne dhidi ya wawili wakaufuta uchaguzi wa urais. Kijiweni kwetu kesi ile tuliifuatilia kuliko Simba na Yanga. Kilichonifurahisha mimi ni kwamba, pamoja na mitambo yote ile, majaji walikuwa wanaulizia karatasi. Fomu iko wapi, imesainiwa na nani, mbona hii haina alama. Maswali ya karani wa kale kabisa, yule wa mhuri na wino.

Sisi Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa. Yaliyotokea siku zile yaliacha watu wamefiwa na si ya kuchekewa kwenye safu hii. Naandika moja tu: tumeambiwa miaka yote kwamba mitambo inajiendesha, na kumbe swichi ya kuizima ina mkono wa mtu.

Turudi kwenye yanayonihusu, ambayo ni madeni. Kamati za harusi nazo zimenunua mfumo. Zamani mhazini alikuwa anakufuata. Ukimwona anatokea kona ya juu, unapita kona ya chini, na yeye anajua, na wewe unajua anajua, na mkikutana mnaulizana habari za watoto mpaka mmoja achoke. Sasa saa mbili usiku, kila usiku, simu inalia: "Ndugu mwanakamati mpendwa, tunathamini mchango wako. Ahadi yako ni 100,000. Umelipa 0. Bado 100,000. Mungu akubariki." Ile sifuri imeandikwa waziwazi, na mke wangu anasoma kabla yangu. Mhazini wa kweli hata siku moja asingeitamka sifuri. Angesema, "Kaka, naona bado unajipanga."

Nikafunga safari mpaka kwa mhazini, mtu mwenye nyama na mifupa. Tukagombana mpaka nikajisikia mzima. Nikamweleza ada za shule, bei ya mafuta ya kula, akanieleza bei ya ukumbi na mpishi, nikamkumbusha msiba wa mama yake nani alibeba viti, akanyamaza, akasema sawa, toa 70,000 tufunge ukurasa. Nikatoa hapohapo. Tukanywa chai.

Usiku saa mbili simu ikalia. Umelipa 70,000, bado 30,000, Mungu akubariki. Nikampigia mhazini, akacheka kwa unyonge: yeye ameshasamehe, ila mfumo haujui kusamehe, hakuna kitufe hicho, na kijana aliyeuweka amehamia Mwanza. Harusi imepita. Bibi harusi ana mimba, ameanza kuvaa madera. Jana usiku nimetumiwa onyo la mwisho kwamba nisipomalizia ahadi yangu kwa wakati, sitapewa kadi ya kuingilia ukumbini.